Namna Bi Tunu Alivyomshusha Mwanawe

Iko nchi moja, jina sitalitaja kwa sababu bado nina watoto wa kusomesha, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi hata ikawa haitaki kumpoteza hata mmoja. Tatizo lilikuwa kuwahesabu. Makarani wa sensa wakipita nyumba kwa nyumba walikuwa wanafukuzwa na mbwa, wanaombwa maji ya bomba, wanaulizwa daraja lililoahidiwa litajengwa lini. Walirudi ofisini wamechoka na maswali. Basi Baraza la Mawaziri likaketi, likanywa chai, likamaliza sambusa, likaamua kwamba kuanzia siku ile kila raia atacheza Ngome.

Ngome ulikuwa mchezo wa simu, unaochezwa kwa mtandao. Wewe unapewa ngome na bendera, mwenzako popote alipo nchini anapewa ngome na bendera, kisha mnatafutana kwa upanga na ngao mpaka mmoja aangushwe. Ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka. Juu kabisa kulikuwa na daraja la Almasi, likafuata la Dhahabu, la Fedha, la Shaba na la Jiwe, na chini ya yote lilikaa la Kokoto. Mwenye Almasi alipata sukari na kitanda hospitalini, wa Dhahabu na Fedha sukari tu. Mwenye Kokoto alipata nasaha. Na aliyeshindwa mpaka akatoka hata huko Kokoto alifutwa kabisa, kwani wataalamu walisema mtu asiyeweza kumshinda yeyote katika nchi nzima haelekei kuwa alipata kuwepo.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, na watoto waliiimba shuleni kila asubuhi: anayecheza yu hai. Mimi sioni kosa lake. Zipo nchi ambako mtu hupata taabu kubwa zaidi kuthibitisha kwamba yu hai, hasa akidai pensheni.

Katika nchi hiyo alikuwepo mjane mmoja, Bi Tunu, mchambuzi katika Idara ya Viwango. Kazi yake ilikuwa kutazama mapambano ya watu kutwa nzima na kusema nani kapanda kwa ufundi na nani kabebwa na bahati. Aliijua kazi hiyo vizuri, na kwa kuijua vizuri alikuwa na neno moja lililowachosha wenzake. “Msiseme fulani ni Fedha,” aliwaambia wageni wa idara. “Semeni tunakisia ni Fedha. Mfumo haumjui mtu, unamkisia. Akicheza sana kisio linakaza, akipotea linalegea. Akikaa mwaka mzima hajagusa simu, mfumo unakiri kwamba huyo sasa anaweza kuwa mtu yeyote.” Wenzake walimcheka, wakamwita Bi Kisio, na yeye hakuona vibaya.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mundhiri, kijana mrefu, mwenye kutumia mkono wa kushoto, mchangamfu wa jioni na maiti wa asubuhi. Jioni walikaa barazani na simu zao, mama na mwana, wakapambana. Mundhiri alikuwa hodari kumshinda mama yake, lakini kulikuwa na jambo asiloweza kulifanya: hampigi mtu aliyempa mgongo. Hata angekuwa anakaribia kushindwa, atashusha upanga, atangoja mpaka mwenzake ageuke. Mama yake ndiye aliyemlea hivyo. Mundhiri alipokuwa mdogo alimpiga mtoto wa jirani kisogoni, na Bi Tunu akamkalisha chini akamwambia, “Anayekupa mgongo amekuamini, baba. Huyo hapigwi.” Mtoto alilishika neno lile hata kwenye mchezo.

Kisha unga ukapanda bei. Serikali ikaeleza kwamba unga haukupanda, ila wananchi ndio walioshuka. Vijana, ambao hawana subira ya kuelewa mambo ya uchumi, wakaenda uwanja wa soko na sufuria tupu, wakazigonga kwa miiko. Hawakurusha hata jiwe. Zikaja gari zisizo na namba, zikaondoka zimejaa, na uwanja ukabaki na sufuria.

Mundhiri hakurudi. Wala hakurudi Saumu, binti wa jirani yao Bi Chausiku. Wale mama wawili walikwenda kituo cha polisi, wakaambiwa hapajakamatwa mtu. Wakaenda hospitali, hapajalazwa mtu. Wakaenda chumba cha maiti, mlinzi akatazama huku na huku, akawaambia wasikae sana pale. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, na hakuna aliyepika siku ile.

Minong’ono ilipozidi, Waziri wa Uhai, Mheshimiwa Dakta Pazia, alitokea kwenye televisheni. Alikuwa amevaa suti yenye vifungo vya Almasi, na sauti yake ilijaa huruma.

“Ndugu wananchi,” alisema, “nimesikitika, nimefadhaika, tena nimechoka. Wapo watu wanaosema vijana wamepotea. Wamepotea wapi? Nimeingia mwenyewe kwenye mfumo, kwa kidole changu hiki, nikawatafuta mmoja mmoja. Wote wanacheza! Na si kwamba wanacheza tu, wamepanda madaraja! Jamani, vijana wa siku hizi hamwajui? Akishika simu hata mama yake hamsikii. Sasa hapo kosa la serikali liko wapi?”

Waliopewa kazi ya kupiga makofi wakapiga makofi. Asubuhi yake Bi Tunu alifika ofisini kabla ya mfagizi, akafungua mfumo, akaandika jina la mwanawe. Waziri hakusema uongo. Saa mbili ilipogonga Mundhiri akatokea, anakimbia na ngao yake, anashinda. Bi Tunu aliubusu ule uso wa kompyuta, akalia kwa furaha mpaka mfagizi akaja kumshika.

Furaha yake ilidumu mpaka adhuhuri. Baada ya hapo mazoea ya kazi yalimshinda, akaanza kuchambua kumbukumbu za michezo yake tangu siku ya sufuria. Mundhiri huyu kila siku alianza kucheza saa mbili kamili asubuhi. Saa nne alisimama, kama mtu anayekunywa chai. Saa saba alitoweka kwa muda mrefu, na saa tisa na nusu alifunga mchezo hata kama pambano lilikuwa katikati. Jumamosi hakucheza. Sikukuu ya Bendera hakucheza. Ijumaa aliondoka mapema. Bi Tunu akamtazama Saumu, akawatazama na wengine wote waliokwenda na sufuria: ni vile vile, tena wote walikwenda kula wakati mmoja. Na mwanawe yeye, tangu amalize shule, hajapata kuiona saa mbili ya asubuhi.

Wizara ilikuwa na Dawati la Wazazi, maana serikali ile ilikuwa sikivu. Bi Tunu akaenda. Alipokelewa na afisa mpole sana, akapewa kiti na chai ya tangawizi.

“Karibu, mama yangu. Tukusaidie nini?”

“Huyo anayecheza kwa jina la mwanangu si mwanangu.”

“Pole sana, mama. Umetambuaje?”

“Mwanangu saa mbili asubuhi amelala. Hata nyumba ingeungua angelala.”

“Kumbe!” afisa akasema. “Ahsante sana kwa taarifa. Tutalifanyia kazi.”

Na walilifanyia kazi kweli. Juma lililofuata Mundhiri alianza kucheza adhuhuri, akaendelea hadi usiku. Bi Tunu alishikwa na matumaini, akayafukuza, yakarudi. Akatazama tena kwa makini, akaona huyu akitoka lango la ngome anakata kulia. Mbio hadi Dawati la Wazazi. “Wangu anatumia shoto,” akasema. “Siku zote anakata kushoto.” Afisa akamshukuru, akamwongezea sukari. Kesho yake Mundhiri akakata kushoto.

Wazazi wengine nao wakasikia, wakaja. Bi Chausiku alieleza kwamba Saumu akishindwa hutukana, na huyu anayecheza ana adabu mno. Siku ya pili Saumu alishindwa pambano akaporomosha matusi, na Bi Chausiku akalia akisema, “Ni yale yale! Hata lile la bata analo!” Baba mmoja alisema wake hapendi kukimbia. Mama mwingine alisema wake huimba kimoyomoyo, hutembea hatua akisimama kama anafuata ngoma. Kila mzazi alitaka kuonyesha kwamba yule si wake, na hakuwa na njia ya kuonyesha ila kumweleza wake alivyokuwa. Walieleza mpaka wakacheka, mpaka wakalia, na maafisa waliwasikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Mimi sijapata kusikia serikali iliyowajali wazazi namna ile. Baadaye walipewa na vyeti, vya Mzazi Mshirika, vyenye picha ya Waziri.

Siku ya mwisho kwenda kwenye Dawati, Bi Tunu alilitoa lile alilokuwa amelibana. Alisema, “Mwanangu hampigi mtu aliyempa mgongo.” Alilisema kwa kiburi, kwa sababu alijua hilo halitaigwa. Nani katika wizara ile angeweza kuliiga?

Baada ya siku chache alikaa barazani jioni, akamwita Mundhiri kwenye pambano. Yule akaja, akatoka lango, akakata kushoto. Walipokaribiana Bi Tunu akamgeuzia mgongo. Yule akasimama. Upanga ukashuka taratibu, mguu wa kushoto mbele kidogo, akangoja. Alikuwa Mundhiri mtupu. Bi Tunu akaiweka simu juu ya mkeka, akamgeukia Bi Chausiku.

“Tumewafundisha, Chausiku,” akasema. “Walikuja wakawachukua watoto. Halafu sisi tukawafuata kwa miguu yetu, tukawapa tena.”

Bi Chausiku alijifunika uso kwa upande wa khanga, na wakakaa hivyo hadi kahawa ikapoa.

Tangu hapo Bi Tunu hakutaka tena kujua nani anacheza. Alitaka jambo moja: amlilie mwanawe. Alitaka kutandika mikeka, watu waje, kahawa chungu ipikwe, wanaume wakae nje kwenye mabenchi, asomewe dua, jina lake litajwe kwa sauti. Lakini katika nchi ile matanga yalihitaji kibali, na kwa kuwa alikuwa mtumishi wa siku nyingi, Mheshimiwa Dakta Pazia alimpokea mwenyewe ofisini kwake.

“Mama Tunu,” alisema Waziri, “mwanao yuko Dhahabu! Mimi wangu yuko Jiwe, nampigia kelele kila siku. Unataka kumlilia mtu wa Dhahabu?”

“Mheshimiwa, mwanangu amekufa.”

“Nani kakwambia?”

“Moyo wangu.”

“Moyo hauna daraja, mama,” Waziri alisema kwa upole. “Kumfanyia matanga mtu aliye mtandaoni ni uchochezi. Watu wakianza kuliliwa wakiwa hai, uwekezaji utakimbia.”

“Basi nipeni mwili wake, Mheshimiwa. Sitamtangaza. Nitamzika kimya kimya.”

Waziri alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Mwili wa mtu aliye hai hukaa naye mwenyewe. Serikali iuweke ya nini?”

Bi Tunu alitoka pale hajui ameshukaje ngazi. Alifika nyumbani, akafungua mchezo, akamwita tena yule Mundhiri, na safari hii hakuchukua upanga. Aliandika pale mahali wachezaji wanapotaniana.

“Wewe ni nani?”

“Mundhiri, mama,” likaja jibu.

“Nimekuuliza wewe ni nani.”

Yule askari mdogo wa kwenye kioo alisimama bila kutikisika kwa muda mrefu. Kisha maneno yakatokea. “Naitwa Hemedi. Nina mke na watoto. Nakuomba usinitaje.”

“Mwanangu yuko wapi?”

“Wallahi sijui. Kitengo chetu hatuambiwi. Sisi tunapewa jina, tabia na simu.”

“Simu ipi?”

“Simu ya mwenyewe. Kioo kimepasuka, na ilikuja imeoshwa kwa sabuni, bado inanukia. Mimi nina umri, mama, sijapata kuona mtu anaosha simu kwa sabuni. Nisamehe.”

Bi Tunu alisoma maneno yale, akayasoma tena. Alikuwa amejua tangu siku ya sufuria, lakini kujua kuna ngazi zake, na ile ilikuwa ya mwisho. Alilia kwa kubana mdomo, kwa sababu kulia kwa sauti kulihitaji kibali. Hemedi alingoja, hakuondoka. Baadaye akaandika, “Nimewacheza wengi. Huyu wako nimempenda. Nikishusha ule upanga naona haya kwa mambo niliyowahi kufanya mimi.”

“Basi mwachie,” Bi Tunu akaandika. “Mshushe. Shindwa, umfikishe Kokoto, afutwe, nimlilie.”

“Nikishindwa kwa makusudi wakaguzi wataniona, watampa mtu mwingine. Nimeruhusiwa kitu kimoja tu: kucheza kama yeye.” Kisha akaongeza, “Na yeye, mama, hampigi aliyempa mgongo.”

Ndivyo ilivyoanza kazi ya kumshusha Mundhiri. Kila jioni Bi Tunu alimwita, wakakutana, akampa mgongo. Yule akashusha upanga, akangoja. Bi Tunu akageuka ghafla akampiga. “Nisamehe, baba,” alisema kila alipopiga, kwa sauti, kana kwamba yule wa kwenye kioo ana masikio. Kuona ule wema aliomfundisha mwenyewe, aliomlea nao tangu akiwa na meno ya utoto, na kuutumia kumwangusha! Alishinda, na hakuna mtu katika nchi ile aliyechukia kushinda kama yeye.

Tena kulikuwa na ugumu ambao yeye, kwa kazi yake, aliuona mapema. Mfumo wa Ngome hukukutanisha na mtu wa kiasi chako. Kila alipomshinda Mundhiri, yule alishuka na yeye akapanda, na baada ya kumshinda mara chache mfumo ungekataa kuwakutanisha. Ilimbidi naye ashuke. Basi mchana alikaa akishindwa na watu wengine: watoto wa shule, wauza mitumba, mzee mmoja kipofu aliyechezewa na mjukuu. Jioni alimshinda mwanawe, asubuhi akatafuta wa kumshinda yeye, na hivyo wakashuka pamoja, mama na mwana, hatua kwa hatua. Walitoka Dhahabu wakaingia Fedha, wakapita Fedha wakaingia Shaba.

Alipoingia Shaba alinyang’anywa sukari. Alipoingia Jiwe, Idara ya Viwango ilimwita, ikamweleza kwamba haiwezekani mtu wa Jiwe akachambua watu wa Dhahabu, kwa sababu hata kuwatazama hawezi ila kwa kuinua shingo. Akaachishwa kazi kwa hotuba na maua. Watoto wa mtaani walijigamba kwamba wamempiga Bi Kisio. Watu wazima walisema msiba umemla akili, ingawa neno msiba walilisema polepole. Dakta Pazia alimtaja redioni, bila jina, kama mfano wa mama asiye na bidii.

Bi Chausiku pekee alimwelewa, na hakupenda. “Unamuua mwanao kila siku, Tunu,” alimwambia.

“Si mimi niliyemuua,” alisema Bi Tunu. “Mimi namtafutia kaburi.”

Wakafika Kokoto. Hapo palikuwa kimya, pana wazee, wagonjwa, na watu waliokwisha kukata tamaa. Ngome za huko hazikuwa hata na malango. Wakaendelea, hadi alasiri moja mfumo ukawaweka wote wawili kwenye ngazi ya mwisho kabisa: atakayeshindwa atafutwa. Bi Tunu alioga, akavaa khanga safi, akaketi barazani. Alipoingia tu, maneno ya Hemedi yakatokea.

“Mama, wamegundua. Wametoa agizo jipya asubuhi hii. Mundhiri arekebishwe, apige hata mgongoni. Mkaguzi yuko chumba hiki hiki. Usinipe mgongo leo, watanilazimisha nikufute.”

Bi Tunu alisoma. Angeweza kupigana uso kwa uso, lakini alijua hesabu yake: uso kwa uso Mundhiri alimshinda siku zote. Akafikiri pia kwamba kufutwa si jambo baya sana kwa mwanamke asiye na mtoto, asiye na kazi wala sukari. Kilichomuuma ni kwamba Mundhiri angebaki peke yake, akichezwa na watu wa kuajiriwa, anapiga watu migongoni mpaka mwisho wa dunia, na jina ni lake.

Akasogea katikati ya uwanja. Akamgeuzia mgongo mwanawe, akasimama.

Hakugeuka upesi kama siku zote. Alingoja. Alitaka kujua kama katika nchi nzima umebaki wema huo mmoja, hata kama ni wa kuigiza. Alisikia jirani anachota maji, alisikia mtoto analia, hakusikia upanga.

Alipogeuka, yule askari alikuwa amesimama mguu wa kushoto mbele, upanga chini. Zaidi ya hapo alikuwa ameshusha na ngao.

“Nisamehe, baba,” alisema Bi Tunu. “Na wewe Hemedi, Mungu akusamehe.” Akapiga.

Kioo kikaandika kwamba mchezaji huyu hayupo. Bi Tunu akapiga ukelele ambao ulianzia uwanja wa soko na haukuwa umepata njia mpaka siku ile. Majirani walitoka majumbani, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Walikuja na mikeka kwapani.

Polisi nao hawakukawia. Alikuja koplo mmoja, akasimama katikati ya wanaolia, akauliza msiba huu una kibali.

“Hauna,” alisema Bi Tunu.

“Marehemu nani?”

“Mundhiri, mwanangu.”

Koplo akatoa simu, akatafuta. Akatafuta tena, akapiga kwa wakubwa, akaongea nao kwa heshima pembeni ya uzio. Aliporudi alisimama wima, akatangaza kwa sauti ya kazi: “Mtu huyo hayupo, wala hajapata kuwepo. Kwa hiyo hapa hakuna marehemu. Pasipo marehemu hakuna msiba, na pasipo msiba hakihitajiki kibali. Serikali haina pingamizi nanyi kulia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.” Alipokwisha kusema hayo alibaki amesimama, hajui aende wapi. Kisha akavua kofia, akaomba kahawa, akakaa kwenye benchi pamoja na wanaume. Alikuwa na mdogo wake, alisema, naye yuko Dhahabu tangu siku ile ya sufuria, na hawajaonana.

Jioni alifika mgeni mmoja, mtu wa makamo, shati lake limefungwa hadi shingoni. Alileta kilo ya sukari, akasema ni rambirambi, akakaa mwisho kabisa karibu na viatu. Wakati wa dua alilia kuliko ndugu wa damu, mpaka watu wakaulizana huyu ni nani wa marehemu. Bi Tunu alimtazama kwa mbali, akampelekea kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya pili hakuja, wala sijasikia mtu aliyemwona tena.

Matanga yalianuliwa, mikeka ikarudi kwa wenyewe. Bi Tunu hakuwa na furaha, mtu asidanganywe. Mwili hakuupata, kaburi halikuwepo, na mwanawe kwa mujibu wa sheria hajazaliwa. Ila alilala. Tangu gari zile zije, ilikuwa mara yake ya kwanza kulala mpaka kukapambazuka.

Muda si mrefu Mheshimiwa Dakta Pazia alitangaza habari njema. Akina mama wa nchi nzima, alisema, hata wazee wasiojua kusoma, wameanza kucheza Ngome kwa ari isiyo kifani. Wanapanda madaraja kwa kasi, wanacheza usiku na mchana, na hiyo ni ishara ya maisha bora. Alitoa tuzo. Kwa nini mama mtu mzima ajitahidi hivyo kufika Dhahabu, Waziri hakuuliza, na mimi si mtu wa kumfundisha Waziri kazi.

Barazani kwa Bi Tunu palikuwa pamejaa. Walikuja na simu zao, wengine kutoka mbali, wakakaa wakingoja zamu. Bi Chausiku alikuwa wa kwanza. Alikuwa amekwisha kupanda mpaka Dhahabu, kidole gumba kimemvimba, na Saumu alikuwa mbele yake kwenye kioo, anangoja pambano lianze.

“Siwezi, Tunu,” alisema. “Nikishamwangusha nitabaki na nini?”

“Utabaki na pa kumlilia,” alisema Bi Tunu.

Bi Chausiku alijifuta macho kwa kiganja. Kisha akauliza ule upanga wa kugeuka ghafla unainuliwa vipi, na Bi Tunu akasogea, akamshika mkono, akamwonyesha.